Mfuko wa nyongo umejisokota: nyanya wa miaka 84 apasuliwe?

Mjukuu_Kayole: Wakuu, tangu jana usiku nyanya analia na tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, na anatapika. Ni mwembamba sana. Skani haikuonyesha mawe, ila daktari anashuku mfuko wa nyongo umejisokota, anataka kumpasua leo. Umri huu kweli? Sindano hazitoshi?

Nesi_wa_Tiata: Pole sana. Tieni sahihi sasa hivi. Mfuko ukijisokota damu haipiti, nyama inaanza kufa, na antibayotiki haifiki pasipo damu. Huwapata hasa akina nyanya wembamba, kwa sababu uzeeni kinachoushikilia kwenye ini hulegea. Nimewahi kumshikia daktari vyombo kesi kama hii: mfuko mweusi kama zambarau, unaning'inia. Aliusokotoa kwanza, akafunga mrija na mshipa, akautoa. Matundu madogo tu.

Daktari_Kijana: Wendel aliueleza ugonjwa huu mwaka 1898, na hadi leo mara nyingi hugunduliwa tumbo likiwa wazi tayari. Daktari wenu ameona mbali.

Mjukuu_Kayole: Ataishi bila nyongo?

Nesi_wa_Tiata: Nyongo hutengenezwa na ini, dada, mfuko huihifadhi tu. Asile chochote, na uwatajie dawa zote anazotumia.