Mjadala: Kiwanda cha zamani kando ya mto kikigeuzwa makazi, kipi kitangulie?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa hoja. Kiwanda kilifungwa zamani, kiko kando ya mto, na jiji limeshakizunguka pande zote. Mabati yameoza, uzio umetobolewa, na kila baada ya miaka michache anatokea mtu na michoro mizuri: maghorofa ya makazi, maduka chini, ofisi, shule, njia ya kutembea kando ya maji. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Kuna wanaosema jengeni, watu hawana pa kukaa. Kuna wanaosema huo ni mpango wa kuwapa wenye fedha ukingo wa mto na kuwasukuma wengine pembeni. Wapo wanaotaka bustani tupu, na wapo wanaotaka viwanda virudi.

Mimi niko upande wa kujenga. Ila nina sharti, na ndilo ninalotaka tulibishanie: kila kilichoahidiwa kwa wananchi kitangulie. Usafishaji wa udongo, nyumba za bei nafuu, usafiri na kinga ya mafuriko vije kabla ya maghorofa ya kuuza kwa bei ya juu, au angalau viende navyo sambamba. Kinachosukumwa awamu ya mwisho, mara nyingi hakijengwi.

Naanza na udongo kwa sababu ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Kwenye michoro kila kitu huanzia juu ya ardhi. Mtaalamu akitoboa na kuvuta sampuli, bomba linatoka na historia nzima ya kiwanda. Juu zege na vifusi, chini yake majivu ya tanuri, halafu tabaka jeusi linalonuka lami, na mwisho kabisa tope la kijivu la mto wenyewe. Kila uchafu una tabia yake. Sumu za madini kama risasi na aseniki hung'ang'ania udongoni na haziozi, ungesubiri miaka hamsini ungezikuta palepale. Viyeyusho vya kuondolea grisi kwenye vyuma, kama trikloroethilini, ni vizito kuliko maji, kwa hiyo huzama hadi kwenye maji ya ardhini. Kisha mvuke wake hupanda taratibu na kuingia sebuleni kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Mkazi haoni kitu, na mara nyingi hasikii hata harufu. Mto nao uko hatua chache, ukijaa na kupungua maji ya ardhini yanasogea, na sumu inasogea nayo.

Dawa zake zinajulikana: kuchimba udongo na kuuhamisha, kuufunika, kuzamisha ukuta wa kuzuia maji machafu yasifike mtoni, kuvuta maji ya chini na kuyasafisha, kutandika utando wa kuzuia mvuke chini ya msingi. Zote ni ghali. Lakini zote zinafanyika vizuri zaidi eneo likiwa tupu. Ukishasimamisha jengo la ghorofa kumi na tano juu yake, utachimba wapi?

Love Canal, mfereji ulioachwa katika mji wa Niagara Falls, Marekani, ndiyo somo la wazi kuliko yote. Kuanzia 1942 hadi 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilitupa humo takriban tani 21,000 za taka za kemikali, kisha ikaliuza eneo kwa bodi ya shule kwa dola 1. Hati ya mauzo ilitaja kwamba kuna kemikali, na kampuni ikajivua lawama humohumo. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura, familia zikaanza kuhamishwa, na mwaka 1980 Marekani ikatunga sheria ya kitaifa ya kusafisha maeneo ya namna hiyo. Angalieni jinsi jambo lilivyopita: onyo lilikuwepo kwenye karatasi, lakini hakuna aliyebanwa kusafisha kwanza. Kwangu mimi onyo kwenye hati si kinga ya mtu yeyote.

Sasa nyumba za bei nafuu. Kituo cha umeme cha Battersea, ukingoni mwa mto Thames jijini London, kiliacha kuzalisha umeme 1983 na kikakaa gofu kwa miaka mingi huku mipango ikija na kufa. Mradi uliofanikiwa uliahidi nyumba 636 za bei nafuu kati ya nyumba zaidi ya 4,000. Mwaka 2017, ujenzi ukiwa umeshika kasi, waendelezaji walilalamikia gharama, na halmashauri ikakubali zishuke hadi 386. Nyumba 250 zimefutwa. Halmashauri ingefanya nini wakati huo? Kreni za ujenzi ziko juu, jengo la kihistoria liko wazi, nusu ya kazi imefanyika. Nguvu ya kukataa ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Ndiyo maana sizungumzii nia njema ya mtu. Nazungumzia mpangilio wa hatua, kwa sababu huo ndio unaoamua nani ana sauti siku ya kurudi mezani.

Hata wenye fedha huumia na mpangilio mbovu. Pale Canary Wharf, kwenye bandari za zamani za London, mnara mkuu ulikamilika 1991, lakini reli ya chini ya ardhi ya Jubilee haikufika hadi 1999. Katikati hapo, mwaka 1992, kampuni iliyojenga, Olympia & York, ilifilisika. Soko la ofisi lilikuwa limeanguka, hilo ni kweli, lakini usafiri wa kusuasua haukumsaidia mtu.

Mfano ninaoutetea ni HafenCity ya Hamburg, Ujerumani: hekta 157 za bandari ya zamani kwenye mto Elbe. Mafuriko ya 1962 yaliua zaidi ya watu 300 jijini humo, kwa hiyo suala la maji halikuachiwa mnunuzi wa kila kiwanja aamue. Majengo yamekaa juu ya matuta yenye urefu wa takriban mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari. Muhimu zaidi ni ardhi. Jiji huitenga kwa mwendelezaji kwa muda, yeye achore na apate kibali chini ya macho ya jiji, na mauzo hukamilika baada ya hapo. Akikwama, kiwanja kinarudi. Sehemu za mwanzo zililaumiwa kwa kujaa nyumba za ghali, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini kwa kuwa viwanja vilivyobaki vilikuwa bado vya jiji, liliweza kubadili masharti na kutaka takriban theluthi ya nyumba mpya ziwe za ruzuku. Battersea haikuwa na nafasi hiyo.

Sisemi serikali ni malaika. Hamburg hiyohiyo ilijenga ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie ulioanza na makadirio ya euro milioni 77 kwa jiji na kuishia milioni 789. Ardhi ya umma bila ukaguzi wa hesabu nayo ni balaa.

Najua jibu litakalokuja kwanza: ukiweka masharti yote mbele, mwekezaji atakimbia. Mimi naona kinyume. Masharti yakijulikana kabla ya mnada, kila mnunuzi anayapigia hesabu na kushusha bei anayotoa kwa ardhi. Anayepata pungufu ni muuzaji, na kama muuzaji ni jiji, hiyo ni bei halali ya kupata nyumba na udongo safi. Anayekimbia ni yule aliyepanga kutoa bei kubwa leo akitegemea kulegezewa kesho, na huyo acha aende.

Wa bustani nawaheshimu. Duisburg, Ujerumani, walifanya hivyo kwenye kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985, wakaacha tanuri zisimame na miti iote katikati yake, na ni mahali pazuri kweli. Ila mji wenye uhaba wa nyumba ukifanya bustani tupu, kodi za nyumba kwenye mitaa inayoizunguka zitapanda na hakutakuwa na nyumba mpya hata moja ya kupunguza makali.

Karibuni. Anayepinga sharti langu anijibu hili moja: maghorofa yakishauzwa na mwendelezaji akarudi kusema fedha za nyumba za bei nafuu hazipo, jiji litamshika kwa kitu gani? Dhamana ya benki? Hisa? Viwanja vilivyobaki? Anayejua mkataba uliowahi kufanikiwa kwa njia nyingine auweke hapa tuusome.