OptiPlex 9020, pawa saplai ya wati 290: GTX 1660 Super itakaa?

mwanagemu_tz
Wakuu habari. Mashine ni Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara, i5-4570, ramu GB 16, SSD moja. Pawa saplai ni ileile ya kiwandani, wati 290. Hesabu yangu: kadi ya michoro (hiyo GTX 1660 Super) 125, prosesa 84, vingine kama 40, jumla 249. Si inatosha? Haina waya wa kadi, ila muuzaji ananipa adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 8.

Ampea12
Mkuu, hiyo adapta mwachie mwenyewe. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini 8 linaruhusiwa wati 150, na kadi haijui kuwa nyuma yake kuna SATA. Itavuta tu, plastiki iyeyuke.

Hesabu nayo usiifanyie wati za jumla, ifanyie volti 12, maana ndizo zinazoliwa na kadi na prosesa. Soma kibandiko cha pawa saplai, chukua ampea za +12V uzidishe kwa 12. Zikiwa laini mbili, usijumlishe ampea zake. Fuata kikomo cha pamoja kilichoandikwa hapohapo. Ndivyo utakavyozinasa na zile "500W" nyepesi kama karatasi: ukikuta ampea 14 kwenye 12V, hapo pana wati 168, basi.

Halafu 249 kati ya 290 ni kubana mno. Kadi huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde kadhaa, kinga ya pawa saplai inakata umeme. Dalili yake: ukiperuzi iko salama, gemu likianza mashine inazima ghafla.

kesi_wazi
Na kabla hujakimbilia pawa saplai mpya, fungua uangalie mazabodi. 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, ina ya Dell ya pini 8. Inafanana na ya prosesa lakini siyo, usilazimishe. Unahitaji adapta ya pini 24 kwenda 8 ya modeli hizo. Pawa saplai ya ATX (saizi ya kawaida ya kompyuta za mezani) inaingia kwenye kesi ya mnara (ile ndogo ya SFF sahau). Wati 500 halisi zinatosha 1660 Super.

mwanagemu_tz
Shukrani wakuu. Nisipotaka kubadili pawa saplai je?

Ampea12
RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70, na sloti ya mazabodi inapochomekwa kadi peke yake hutoa hadi 75, kwa hiyo matoleo mengi hayana tundu la waya. Iko nyuma kidogo ya 1660 Super. Angalia usiuziwe ya GB 8: jina lilelile, lakini wati 130 na inataka waya. Hata GTX 1650 zipo zenye tundu la pini 6, kwa hiyo tazama ukingo wa kadi yenyewe, siyo boksi.

kesi_wazi
Ukishaifunga, washa FurMark (programu ya kuipa kadi kazi nzito) dakika 15. Mashine nzima ikizima, shuku pawa saplai. Likifunga gemu tu na Windows ikabaki, anza na draiva.