Tupeane uzoefu: siku sabufa au krosova ilipokuumbua mbele za watu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi mitambo wa bendi ndogo hapa Mwanza, tunapiga Nyegezi, Igoma, na harusi popote tunapoitwa. Naona vijana wananunua spika za pesa ndefu halafu wanaziunga kwa kubahatisha. Naanza na aibu yangu, nanyi mlete zenu.

Ilikuwa harusi ya Buhongwa, uwanja wa wazi. Sabufa mbili, zile spika kubwa za beis, za inchi 18, moja kila upande wa jukwaa. Tunajaribu mtambo kabla wageni hawajafika, beis hakuna. Koni naziona zinacheza kwelikweli, ila kifuani hakigongi kitu. Nikapandisha sauti, nikapandisha tena, mpaka taa nyekundu ya amplifaya ikagoma kuzimika. Mpiga beis ananitazama kama nimekula ng'ombe wa mahari yake. Cha ajabu, nikisimama karibu na sabufa moja naisikia vizuri, nikirudi katikati inapotea.

Ndipo nikakumbuka waya niliouunga upya asubuhi kwa haraka. Chanya nimeipeleka kwenye hasi! Sabufa moja inasukuma hewa, nyingine inavuta, zinamezana. Nikaugeuza ule waya bila kukumbuka kushusha sauti kwanza. Wapishi walidhani jiko limelipuka.

Tangu hapo natembea na betri ya tochi, volti 1.5. Chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mara moja tu. Koni ikitoka nje, sawa. Ikiingia ndani, waya umegeuka. Hiyo ni ya sabufa; twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziacheni.

Mdau wa Kirumba
Mimi lililonikuta ni la omu, kile kipimo cha ukinzani wa spika: zikishuka, mzigo wa amplifaya unaongezeka. Spika nne za omu 8, zote kwenye chaneli moja, nimetoa waya spika hadi spika. Kichwani nikajumlisha: 8 mara nne ni 32, mzigo mwepesi! Kumbe ukiunga chanya kwa chanya hivyo, omu zinashuka: spika mbili zinakuwa 4, nne zinakuwa 2. Na amplifaya mgongoni imeandikwa mwisho wa kushuka ni omu 4. Nyimbo tatu, harufu ya kuungua, kimya. Mwenye mtambo alinikata malipo ya maonyesho matatu.

Mleta mada
Pole kaka. Na anayeunga briji, yaani pande mbili za amplifaya zisukume spika moja kwa pamoja, aongeze umakini: pale kila upande wa amplifaya unaona nusu ya omu za spika. Spika ya 8 unaihesabu kama 4.

Mwanakwaya, Ilemela
Sisi kwaya tulinunua krosova kwa michango, ile ya kukaa kati ya mikisa na amplifaya, inagawa sauti: beis iende sabufa, zilizobaki ziende spika za juu. Jumapili ya kwanza sabufa zikawa zinaimba soprano. Sio utani, unasikia maneno yote chini kule, halafu spika za juu zimekuwa nyembamba kama redio ya simu. Mwalimu akatulaumu sisi waimbaji, eti tumekula maandazi ya moto. Wiki mbili tunahangaika, hadi kijana mmoja akaona kitufe kidogo cha kuzidisha mara 10 kimebonyezwa. Tulidhani tumegawa sauti kwenye Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), kumbe ni 1,000.

Mleta mada
Dada umenichekesha hadi chai imemwagika. Hicho kitufe kimewaumbua wengi. Hz 100 ni pa kuanzia pazuri, kisha sikiliza kwa masikio.

Wa Nansio
Huku kisiwani tulisahau waya mmoja wa spika ng'ambo, na kivuko kimeshaondoka. Nikatumia waya wa gitaa. Sauti ilitoka, hafifu, lakini baada ya nusu saa waya ulikuwa wa moto ule wa kupasha kiporo. Ule uzi wa ndani ni mwembamba, si wa kubeba nguvu ya amplifaya. Na vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi, vikiona taa ya jukwaa vinaingia kwenye feni za amplifaya. Tunapuliza kila baada ya shoo.

Mdau wa Kirumba
Mleta mada, sabufa ziwekwe pembeni au pamoja?

Mleta mada
Mimi siku hizi naziweka pamoja, mbele ya jukwaa katikati. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa karibu mita 3.4. Zikiachana mbali, mawimbi yanasaidiana hapa na kumezana pale, hivyo mtu akitembea ukumbini kuna mahali beis inampiga na mahali inamkimbia. Wenye kumbi hawapendi, wanasema zinaziba maua ya bibi harusi. Hapo ndipo tunapogombana.

Wa Nansio, ule waya bado unao?

Wa Nansio
Umerudi kwenye gitaa. Unakoroma.