Wakuu, Civic Type R FD2 inafaa kwa matumizi ya kila siku hapa Dar?

Gia_Sita
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wa dhati, leo siku ya tatu sipati usingizi. Nimepata Honda Civic Type R, ile FD2, ya 2008, nyeupe, iko kwa mtu hapahapa mjini na anataka milioni 52. Naishi Goba, kazi iko Posta, kwa hiyo ndiyo itakayonipeleka na kunirudisha Jumatatu mpaka Jumamosi. Najua waliiunda wakiwaza saketi za mashindano, ila ina milango minne na buti, familia inaenea. Aliyewahi kuimiliki au hata kuipanda aniambie: nitaishi nayo au itanitesa?

Chuma_Chakavu
Milioni 52 unavuta Crown Athlete na hela ya kuezekea nyumba inabaki. Sijui mnawaza nini vijana.

Fundi_Ilala
Mkuu, tuanze na injini. K20A ya lita mbili, haina turbo, farasi 225. Hizo farasi zinapatikana mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa kwenye 8,000. Chini ya 6,000 unaendesha Civic kama Civic nyingine. Sasa niambie, kwenye foleni ya Mwenge utafika lini huko? Utashinda kwenye namba moja na namba mbili, mguu wa kushoto juu ya klachi.

Halafu sasipensheni yake ni ngumu tangu kiwandani, hata Wajapani wenye lami kama kioo walikuwa wanailalamikia. Tairi ni 225/40 za ringi 18, yaani ukuta wa tairi ni sentimita 9 tu kati ya rimu na shimo. Petroli nayo, kwao inatiwa ya oktani (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo wa injini) inayokaribia 100, za kwetu ziko chini ya hapo. Itatembea, ila hutapata vyote ulivyolipia.

Ni gari zuri sana. Nimeshika moja kwa mikono yangu. Ila nisingelala nalo Goba.

Binti_Pwani
Familia ni ya watu wangapi? Na mkeo anasemaje?

Gia_Sita
Asante Fundi, nimekuelewa. Ila mimi nimeiendesha Jumapili alfajiri, barabara ya Bagamoyo, hakuna foleni. Kile kichwa cha gia ni cha aluminiamu, kilikuwa cha baridi kiganjani. Nikaweka namba tatu, nikaiacha ipande. Ilipopita 6,000 sauti ikabadilika kabisa, kama mtu aliyekuwa ananong'ona akaanza kuimba. Nina miaka 38, hakuna gari lililowahi kunifanya vile. Matuta nitayapita mshazari, taratibu.

Fundi_Ilala
Hicho kichwa cha gia kishike saa saba mchana, gari likiwa limelala juani Posta. Tembea na kitambaa.

Mtoto_wa_Chumbageni
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na Altezza, nikakata springi mwenyewe ili ilale chini. Siku moja mvua imenyesha, tuta limefunikwa na maji, silioni. Nikasikia paa! Sampu ikapasuka, oili yote ikabaki barabarani, nikavutwa na breki dauni hadi gereji. Mchumba niliyekuwa naye alishuka akachukua bodaboda. Leo ni mke wa mtu, ana watoto wawili.

Chuma_Chakavu
Pole sana. Altezza uliiuza bei gani?

Binti_Pwani
Gia_Sita, sijajibiwa. Watu wangapi, na mkeo anasemaje?

Gia_Sita
Sawa dada, niseme. Noah yetu nimeshaiuza wiki iliyopita, na muuzaji wa FD2 nimeshamtangulizia milioni 10. Mama watoto anajua Noah iko gereji. Ana mimba ya miezi saba, na tuna wawili, wa miaka sita na mitatu.

Ila msinihukumu haraka. Noah nimeiendesha miaka minane. Hela sijakopa kwa mtu. FD2 ziliacha kutengenezwa 2010, bei zake hazishuki, kwa hiyo naihesabu kama akiba. Watoto watatu watakaa nyuma, mdogo kwenye kiti chake.

Mama_Kisarawe
Miezi saba, kwenye gari gumu namna hiyo, barabara za Goba? Mwanangu, muogope Mungu. Mimba yangu ya pili nilipandishwa pikapu kutoka shamba, nilijuta.

Mpekuzi_Namba1
Wakuu, mnakunywa chai. FD2 ni ya watu wanne, siti ya nyuma ni ya wawili tu, ilitoka kiwandani hivyo. Mtu ameiendesha, ametoa milioni 10, halafu hajui ina siti ngapi? Tena kwenye uzi wake wa mwaka jana wa ada za shule alisema ana watoto watatu. Leo wawili na mimba. Weka picha ya gari na risiti, la sivyo uzi ufungwe.

Chuma_Chakavu
Nilihisi tangu pale kwenye "akaanza kuimba".

Gia_Sita
Risiti siweki, ina jina la mtu. Huyo wa tatu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Tunamlea sisi, mwaka huu yuko bweni, anarudi Desemba.

Kuhusu siti, nimempigia muuzaji, kanitumia picha ya nyuma sasa hivi. Mikanda ni miwili, Mpekuzi yuko sahihi. Jumapili nilikaa kwenye usukani tu, mlango wa nyuma sikuufungua hata mara moja.

Mpekuzi_Namba1
Kwa hiyo Desemba mko sita.

Fundi_Ilala
Achana na mabishano. Aliyechukua Noah ameshabadilisha umiliki?

Gia_Sita
Bado, kadi ina jina langu. Anakaa Salasala. Nimempigia mara mbili, hapokei.

Fundi_Ilala
Basi asubuhi na mapema uwe mlangoni kwake, na hela yake yote mkononi. Ya milioni 10 tutaongea baadaye, nicheki PM.

Binti_Pwani
Na kabla ya kwenda Salasala, mwambie mkeo.

Gia_Sita
Kesho ana kliniki saa mbili. Ametoka kuniuliza sasa hivi kama Noah imeshatoka gereji.