Mwanangu anakariri "Usiibe" bila kukosea, na asubuhi hiyohiyo kaokota korosho za jirani. Naombeni ushauri

MamaWatatu (Masasi)

Bwana Yesu asifiwe wanajamvi, na ndugu zangu Waislamu mliomo humu, assalamu alaikum.

Nina watoto watatu: binti wa miaka 11, kijana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 4. Sisi ni Waanglikana tangu enzi za mabibi. Baba yao yuko Mtwara mjini kikazi na anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo sala ya jioni na mafundisho ya nyumbani yako mikononi mwangu. Utaratibu wangu tangu mwaka juzi ni kila wiki mstari mmoja wa Biblia. Jumatatu nawasomea, siku zinazofuata wanaurudia, Jumamosi usiku kila mmoja anasimama na kuusema kabla sijapakua chakula. Asiyeuweza anasubiri wenzake wale kwanza. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nataka ushauri wa kweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Huyu wa miaka 8 ndiye hodari. Amri Kumi anazo zote kichwani, hata ukimkatiza katikati anaendelea pale alipoachia. Jumamosi iliyopita alizisema mbele ya shangazi yake, na alipofika "Usiibe" akainua na kidole.

Jumapili jioni dada yake akaniambia. Wiki nzima kijana alikuwa anaamka alfajiri, anapita kwenye shamba la mzee jirani yetu, anaokota korosho zilizoanguka usiku, anazikonyoa kwenye mabibo (yale matunda ya mkorosho) na kwenda kuziuza kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho asiye rasmi, anayepima kwa kopo. Kanunua biskuti na mpira. Jumamosi ile ile pia alikwenda.

Nilipomwuliza hakukataa. Alinitazama usoni akasema, "Mama, zilikuwa chini." Nikamwuliza amri ya nane inasemaje. Akaisema vizuri kabisa.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Mtoto hakuwa ananidanganya. Kwake kuiba ni kuvunja mlango wa mtu usiku, na miaka yote hii ya mistari haijawahi kumwambia vinginevyo. Kanisani nako watoto ni wengi, mwalimu mmoja, na zawadi anapewa mwenye mistari mingi. Yeye kapata mara mbili.

Nauliza mambo mawili. Je, niache kabisa habari ya kukariri? Na huyo mzee, ambaye bado hajui kitu, niende mwenyewe nikamlipe kimya kimya, au nimpeleke mtoto? Mzee ni Mwislamu na tunaheshimiana sana. Naona aibu.

Kusini_Damu

Pole dada. Mimi sina maneno mengi. Mithali 13:24, asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Mchape leo, kesho hatarudia. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

MwalimuWaJumapili (Newala)

Ndugu Kusini, Biblia hiyohiyo katika Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Fimbo itamfundisha kwamba korosho za mzee zinauma matakoni. Hajui bado kwa nini ni za mzee hata zikiwa chini, na hilo ndilo mama analolilia hapa.

Dada, nafundisha watoto mwaka wa kumi na moja sasa. Kukariri siyo tatizo. Tatizo ni kwamba mstari umekuwa tiketi ya kupata chakula na zawadi. Mtoto akishaulipa, kazi yake imekwisha. Kwanza kabisa, naomba uondoe hilo la kusubiri wenzake wale. Neno la Mungu na njaa visikutane mezani.

Kwangu mimi hadithi hutangulia, mstari hufuata. Chukua Zakayo, Luka 19. Tunatandika mkeka chini ya mwembe, mmoja anapanda tawi la chini, mmoja anakuwa Yesu, waliobaki ndio umati wanaonung'unika. Kila mtoto wa umati ana vijiwe vitano, na Zakayo kawachukulia vijiwe viwili kila mmoja kabla ya mchezo kuanza. Akishuka mtini anasema atarudisha mara nne. Sasa ahesabu! Viwili mara nne ni vinane, kwa kila mtu. Nimeona watoto wakinyamaza wenyewe pale Zakayo anapoishiwa vijiwe mkononi. Huwa siwaambii fundisho ni nini. Nauliza tu, "Umati unajisikiaje sasa? Na Zakayo?" Halafu naufunga mdomo wangu, na kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu.

Hata huyo wako wa miaka 4 atashika. Mstari wa kukariri nawapa mwishoni, wakiwa wameshauishi.

UmmuSalma (Lindi)

Waalaikumu salaam mama. Mimi si Mkristo lakini nimelea watoto sita, niruhusuni. Usimwachishe kukariri. Sisi madrasa tulianza na Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, tukiwa hatuelewi hata neno moja la Kiarabu, na maana ilikuja baadaye kidogo kidogo, ikakuta maneno yamekwisha jipanga kifuani. Nilipofiwa na mume wangu ni yale niliyoyakariri na miaka 7 yaliyonishika mkono. Kilichotusaidia ni kwamba marehemu ustadhi alikuwa anatusimamisha njiani tukitoka na kuuliza: hii tuliyosoma leo, nyumbani kwenu inakaa wapi?

Na kuhusu mzee, nenda na mtoto. Haki ya jirani kwetu ni jambo kubwa. Ukilipa kimya kimya utakuwa umeficha, na mzee akijua baadaye ndipo heshima itakapovunjika.

Mlutheri_wa_Bandarini (Mtwara)

Nimefurahi kusoma uzi huu. Niongeze kitu kutoka kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Dada anaita amri ya nane, kwetu sisi na kwa Wakatoliki "Usiibe" ni ya saba, watoto wasije wakagombana shuleni kwa hilo. Maneno ni yaleyale, hesabu tu inatofautiana.

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ilitoka 1529, baada ya yeye kuzunguka kukagua sharika za Saksonia na kukuta watu wa kawaida hawajui hata misingi ya imani. Ndiyo maana kila amri inafuatiwa na swali lilelile: maana yake ni nini? Baba ndiye aliyetakiwa kuliuliza nyumbani kwake. Na jibu la "Usiibe" haliishii kwenye kutochukua. Linadai pia umsaidie jirani yako kuitunza mali yake na riziki yake. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu nisome habari ya kijana wako. Kama amri ina upande wa pili, basi upande huo kwa mtoto wa miaka 8 ni kwenda kumwokotea mzee korosho zake.

BabuWaLulindi

Wanangu, marahaba kwa wote. Nilikuwa mwalimu wa dini vijijini huku muda mrefu, sasa nimepumzika.

Mama, usilipite haraka lile neno la mtoto, "zilikuwa chini." Mtoto kagusa jambo lililomo ndani ya Maandiko. Fungua Mambo ya Walawi 19, mstari wa 9 na wa 10. Mungu anamkataza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, na asiokote zabibu zilizopukutika, awaachie maskini na mgeni. Kwa hiyo kweli kuna vya chini ambavyo si vya mwenye shamba! Sasa soma mstari wa 11 unaofuata: msiibe. Viwili hivi vimepangwa jirani kabisa. Msomee vyote viwili, umwulize yeye ni upi uliomhusu.

Halafu mpeleke kwa Ruthu, sura ya 2. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, mwenye njaa, na sheria ilimruhusu. Hata hivyo aliomba kwanza, tena akaokota mchana watu wakimwona. Mwulize kijana: Ruthu alikwenda saa ngapi? Alimwomba nani? Alimpelekea nani chakula? Na wewe je?

Tena mwambie jambo ambalo mtoto wa Masasi anapaswa kulijua kuliko mtoto yeyote. Korosho haichumwi mtini kama embe. Ikikomaa inaanguka na bibo lake, na hapo chini ndipo mavuno yalipo. Ukiokota zilizoanguka hujaokota masazo, umevuna shamba la mtu. Kwa zabibu za Walawi chini ni makombo, kwa korosho chini ni ghala.

Wazee wetu walilijua hili la kufundisha kwa kuuliza. Jandoni ulipewa wimbo, ukaimba, ukaambiwa ufumbue. Ndiyo maana Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakuitupa jando, bali aliwawekea watoto wa Kikristo jando yao chini ya uangalizi wa kanisa. Aliona kwamba pale mtoto anafundishwa na mwili wake wote.

Kwa lugha: Biblia ya Union Version ya 1952 ni tamu, naipenda mpaka kaburini, ila "uketipo" na "uondokapo" vinamchosha mtoto. Wasomee hadithi kwenye Biblia ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi, mstari wa kukariri uchukue kwenye Union. Ndivyo nilivyofanya na wajukuu.

Kusini_Damu

Shikamoo babu. Hili la ghala limenigusa, mimi mwenyewe nina mikorosho na sikuwahi kulifikiria hivyo. Dada, neno langu la fimbo nalirudisha.

MamaWatatu (Masasi)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili, naona ni haki mjue.

Jumanne ile nilisoma Walawi na Ruthu kama babu alivyoelekeza. Sikueleza kitu. Nilipouliza Ruthu alikwenda saa ngapi, kijana alijibu, "Mchana." Akanyamaza. Baadaye kidogo akasema, "Mimi nilikwenda giza." Dada yake alitaka kuongea nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake tulikwenda kwa mzee. Nilikuwa nimemwambia kijana atasema mwenyewe, na alisema, sauti haisikiki vizuri lakini alisema, akatoa na mpira. Mzee alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akamwuliza, "Ulikuwa na njaa?" Kijana akasema hapana. Mzee akasema, "Ungekuwa na njaa ningekupa. Mpira huu ni wako, mimi sichezi. Kesho alfajiri uje, mgongo wangu unauma."

Amekwenda siku nane, kabla ya shule, na ndoo yetu. Mzee anamtuma safu kwa safu, akimaliza wanakaa wanakonyoa pamoja. Siku ya tatu mzee alitaka kumlipa, kijana akakataa. Sikumfundisha kukataa. Nililia jikoni.

Jumamosi sasa tunakula kwanza. Mstari bado upo, maana Ummu Salma amenishawishi, ila kabla ya mstari namwuliza kila mmoja nyumbani kwetu unakaa wapi. Binti alisema wake unakaa kwenye simu yangu, pale ninapomwambia mtu nipo njiani na bado sijavaa viatu. Nimelipokea.

Jana usiku kijana kaniuliza swali, na naliweka hapa kwa sababu sijamjibu: "Mama, yule wa kangomba alijua zile korosho si zangu. Naye kaiba?"

BabuWaLulindi

Mithali 29:24, anayeshirikiana na mwizi. Msome naye, ila mwache yeye ajibu kwanza. Na ukitoka hapo mwulize kama yuko tayari kumwambia huyo mtu. Akienda, usimwache aende peke yake.