Kwa nini watoto wanaanza chanjo halafu hawamalizi?

MdauAfya:
Wadau naomba kueleweshwa. WHO walianzisha mpango wa chanjo kwa watoto wote toka 1974, na nchi nyingi zinazoendelea chanjo ni bure kabisa, sasa mbona bado kuna maeneo watoto kibao hawamalizi? Kila nikiuliza naambiwa wazazi hawana elimu, mara dini, mara uvumi. Mi siamini kama ni hivyo tu.

NesiZamu:
Uvumi upo na unaumiza, ile makala ya utafiti ya 1998 kwamba chanjo ya surua inaleta usonji, jarida lililoichapisha liliifuta 2010 na mpaka leo inazunguka kwenye simu. Ila mama aliyeleta mtoto penta ya kwanza (ile sindano moja ya kukinga magonjwa matano) wiki ya 6 huyo hajakataa chanjo, kaja kwa miguu yake. Asipoonekana wiki ya 10 na ya 14 ujue kuna kitu kimemkuta hapo kati, na mara nyingi kimemkuta hukuhuku kwetu. Chukua surua, kichupa mara nyingi kina dozi 10, ukishakichanganya una masaa 6 tu, kikibaki kinamwagwa. Wakija watoto watatu nesi anaogopa kuulizwa zile saba zimeenda wapi, anawaambia mrudi siku nyingine. Mama kaacha kibarua, kalipa nauli, kapanga foleni toka asubuhi, unadhani atarudi? Mi nasema fungua hata kwa mmoja, dozi inaagizwa nyingine.

MamaWawili:
Asante nesi kwa kusema ukweli. Ongeza na lugha, ukichelewa tarehe au kadi ikipotea unasemwa mbele ya watu wote mpaka unatamani ardhi ipasuke. Halafu mtoto akichemka usiku baada ya sindano na hakuna aliyekwambia ni kawaida, bibi yake anasema usimpeleke tena, na baba ndo mwenye nauli, imeisha hiyo.

StooYaChanjo:
Msisahau friji. Chanjo zinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikatika zinaharibika, na penta hata ikiganda imeharibika pia. Sola zimesaidia sana. Kingine ni takwimu: makadirio ya idadi ya watoto yakiwa chini, wilaya inaonekana imechanja zaidi ya asilimia 100 wakati kuna kijiji kizima hakijafikiwa. Na surua inataka kama asilimia 95 wawe na kinga, wastani mzuri wa wilaya hauizuii kuingia hicho kijiji.

MdauAfya:
Nimeelewa sana. Sasa mtoto wa dada yangu alikosa penta ya pili miezi imepita, anaanza upya?

NesiZamu:
Haanzi upya ndugu yangu, anaendelea alipoishia. Mwambie dada aende na kadi, kama imepotea aende hivyohivyo, rejista ipo. Na aulize na matone ya polio na rota (chanjo ya kuhara) maana huwa zinaendana na penta, rota ina ukomo wa umri kwa hiyo asisubiri.