Mtoto anaitwa na vyuo kucheza kikapu: nitazame nini kabla hatujasaini?

Kutoka: Mama mdogo, Columbus, Ohio

Habari za Jumapili wapendwa. Mtoto wa dada yangu alitoka Dodoma kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anasoma sekondari ya bweni na mwakani anamaliza. Ni mrefu kweli, anacheza senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, na makocha wa vyuo hawaishi kupiga simu. Yeye anataka chuo chenye vikombe tu. Kila akija likizo anaangalia upya mechi za UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, za 2024. Wazazi wake kule nyumbani wanasema aende popote patakapolipa ada yote. Mimi ndiye ninayeulizwa, na kikapu sikijui. Naombeni msaada.

Kutoka: Mzee wa Hartford

Dada yangu, umefanya vema kuuliza mapema. UConn iko jirani na ninapoishi, na nimeifuatilia tangu enzi za Hasheem Thabeet, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alivaa jezi ile kuanzia 2006 hadi 2009. Msimu wake wa mwisho walifika nusu fainali ya taifa pale Detroit, wakatolewa na Michigan State. Mwaka huohuo Memphis wakamchukua akiwa wa pili katika drafti nzima ya NBA, yaani pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wapya, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Ubingwa wa chuo hakuupata. Naanza na yeye ili huyo kijana ajue kwamba kikombe na maisha ya mchezaji ni mambo mawili tofauti.

Sasa hao wa 2024 anaowaangalia. Walishinda mechi 37, wakapoteza 3. Tarehe 8 Aprili, Glendale, Arizona, waliifunga Purdue 75 kwa 60 na kutetea ubingwa wa 2023. Kutwaa mara mbili mfululizo hakukuwa kumeonekana tangu Florida, 2006 na 2007. Na kwenye mashindano yote ya mwisho hakuna timu iliyowakaribia kwa pointi chini ya kumi.

Mwambie aangalie tena ile fainali, lakini safari hii asifuate mpira. Zach Edey wa Purdue alifunga pointi 37, na ukisikia hivyo utadhani timu yake ndiyo iliyotamba. Kocha Dan Hurley alimwachia Donovan Clingan kazi ya kupambana na Edey, walinzi wengine wakabaki wamewaganda wafungaji wa mbali. Purdue, waliosifika nchi nzima kwa mitupo ya pointi tatu, usiku ule walipata mmoja tu. Edey alifunga peke yake mpaka akachoka. Tristen Newton alimaliza na pointi 20 na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mashindano.

Na hapa ndipo ninapotaka msome kwa makini, wewe na wazazi wake. Clingan, mtoto wa Bristol hapahapa Connecticut, urefu futi saba na inchi mbili, katika ubingwa wa 2023 hakuwa akianza. Alikaa nyuma ya Adama Sanogo wa Mali, yule aliyecheza mashindano akiwa amefunga Ramadhani na bado akawa mchezaji bora. Sanogo alipoondoka, nafasi ikawa ya Clingan. Mwaka uliofuata dhidi ya Illinois, ubao ulikuwa 23 kwa 23, UConn wakafunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa, huku Clingan akizuia kila aliyesogelea kikapu.

Nyuma ya Clingan naye alikuwepo Samson Johnson, aliyetoka Lomé, Togo. Msimu wa kwanza alicheza kidogo sana, wa pili ukaharibiwa na jeraha la mguu. Desemba 2023 Clingan alipoumia, Johnson ndiye aliyeanzishwa, na timu ilishinda mechi zote ambazo Clingan hakucheza. Mimi huyo Johnson namheshimu kuliko nyota wote wa kikosi kile. Mtoto wa Kiafrika, mbali na mama yake, misimu miwili ya kungoja, na siku alipoitwa alikuwa tayari.

Kwa hiyo, dada, kila kocha akipiga simu muulize: nafasi ya senta mnao kina nani, wako mwaka wa ngapi, na mnaleta nani mwingine kutoka vyuo vingine? Newton mwenyewe alitoka East Carolina, Cam Spencer alipitia Loyola Maryland na Rutgers. Siku hizi kocha anaweza kumleta mtu mzima wa miaka 23 juu ya kichwa cha mtoto wako. Stephon Castle alifika akiwa wa mwaka wa kwanza na akaanza, kisha San Antonio wakamchukua wa nne katika drafti, lakini vijana wa namna ile ni wachache mno. Muulize pia: akiumia, udhamini wa masomo unabaki? Jibu lije kwa maandishi.

Kutoka: Kijana wenu, Lexington, Kentucky

Shikamoo mzee. Shikamoo mama mdogo.

Naongezea la viza, maana huku tumeliona kwa ndugu yetu Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Wenzake walikuwa wakilipwa na makampuni kwa jina na sura zao, jambo lililoruhusiwa tangu Julai 2021, lakini yeye viza ya F-1 ilimfunga mikono. Chuo chake, Kentucky, walipokwenda kucheza Bahamas Agosti ile, ndipo akafanya kazi za matangazo, kwa sababu alikuwa nje ya Marekani. Edey, Mkanada, alikutana na ukuta huohuo. Basi kocha akiahidi fedha za matangazo, msisaini kitu kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji, na asiwe yule wa chuo.

I-20 nayo, ile fomu ya shule inayoshikilia viza ya F-1, ihamishwe kutoka sekondari kwenda chuo ndani ya siku 60 baada ya kumaliza. Na anzeni sasa kukusanya matokeo yake yote ya sekondari, yakiwemo ya Dodoma. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanahitaji masomo 16 ya msingi kwa anayetaka kucheza daraja la juu la vyuo (Division I), na karatasi kutoka nyumbani huchelewa.

Kutoka: Mama mdogo, Columbus, Ohio

Marahaba mwanangu, na kaka wa Hartford Mungu akuzidishie. Nimepiga simu mbili leo. Kocha wa kwanza nilipomuuliza habari za masenta wake alirudi kunisifia uwanja mpya. Wa pili alinitajia watatu na miaka yao, akasema wazi kwamba kijana wetu atangoja msimu mzima. Kijana amenuna, lakini ameomba anitumie maswali yake mwenyewe.

Matokeo ya Dodoma, je, yatumwe na shule au na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, moja kwa moja? Aliyewahi kufanya anijibu.